Naomba ushauri: tovuti ya SACCOS yetu ikae kwenye seva ya bure?

Habari zenu wanajamvi. Nimepewa jukumu la kutengeneza tovuti ya SACCOS yetu ya walimu, na baadhi ya viongozi wanataka tutumie seva ya bure ili tusiguse mfuko wa chama. Kwa kurasa za matangazo na masharti ya mikopo sioni tatizo: GitHub Pages, kwa mfano, ambayo ni huduma ya bure ya kuweka tovuti, inaruhusu tovuti ya hadi GB 1, ila haiendeshi PHP (lugha ya programu zinazofanya kazi kwenye seva) wala hifadhidata, hivyo fomu za mikopo haziwezi kupokelewa hapo moja kwa moja. Seva za bure zenye PHP zipo, lakini hapo ndipo hofu yangu ilipo, kwa sababu mwaka 2015 ilibainika kuwa taarifa za wateja wapatao milioni 13 wa 000webhost, kampuni iliyotoa seva za bure za aina hiyo, zilikuwa zimevuja, nywila zikiwa hazijafichwa kabisa. Taarifa za mishahara ya wanachama si za kuchezea.

Je, nianze na kurasa za bure chini ya jina letu la .or.tz, ambalo tutalilipia, huku fomu zikiendelea kujazwa ofisini, au nisisitize tulipie seva tangu mwanzo? Waliowahi kuendesha tovuti ya chama cha namna hii naomba wanisaidie, hasa kuhusu gharama za kila mwaka.