Binti yangu ana miaka minne na nusu, bado ananyonya kidole. Nimsaidieje aache?

Mama wa Wawili

Habari zenu wazazi wenzangu. Jambo hili nimekaa nalo miezi, leo nimeona nilitoe.

Binti yangu wa kwanza ametimiza miaka minne na nusu. Ananyonya kidole gumba cha mkono wa kulia tangu akiwa mchanga, na mkono wa kushoto lazima ushike pembe ya foronya, anaifikicha taratibu mpaka alale. Zamani ilikuwa usiku tu. Tangu mdogo wake azaliwe, sasa ni miezi mitano, kidole kiko mdomoni akitazama katuni, akiwa garini, akikemewa, akija mgeni asiyemzoea. Kimeota sugu, ngozi imekuwa nyeupe na kupasuka, ukucha umekonda. Mwezi uliopita daktari wa meno alinionyesha kitu: akiuma meno, ya juu na ya chini hayakutani mbele. Kuna uwazi pale pale kidole kinapokaa.

Nikaingiwa na hofu, nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Nilimpaka pilipili. Akajifuta macho kwa mkono ule ule, akalia mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikalia naye huku namwosha. Hakuacha. Alichojifunza ni kujificha. Siku hizi nikiingia chumbani usiku namkuta amejifunika shuka gubigubi, na chini ya shuka nasikia anavyonyonya. Nikimwita anaficha mkono nyuma na kuniangalia kama mtu aliyeiba.

Baba yake anasema nimwache, atakua ataacha. Bibi yake anamwita "kitoto kichanga" mbele za watu. Nisubiri, au nianze sasa? Na nikianza, naanzia wapi, maana usiku ndio mlima?

Mama Pacha

Pole sana dada. Kabla ya mengine yote, mwombe msamaha kwa ile pilipili. Wangu niliwahi kumwomba kwa kosa jingine nikidhani hataelewa, akaelewa kuliko nilivyotegemea. Kaa naye chini, mwambie mama alikosea, na kwamba hutakipaka kidole chake kitu chochote tena bila yeye kujua. Mtoto anayejificha huwezi kumsaidia, huoni tena anafanya nini wala saa ngapi.

Kiti cha Meno

Nafanya kazi kliniki ya meno na watoto wa namna hii tunawaona sana. Ngoja nikutulize kwanza, halafu nikuhimize.

Kunyonya si tabia mbaya aliyoiokota mahali. Wapo watoto wanaoonekana kwenye altrasaundi wakinyonya kidole kabla hata hawajazaliwa. Wengi huacha wenyewe kati ya miaka miwili na minne, kwa hiyo baba yake hajasema jambo la ajabu. Ila binti yenu ameshavuka umri ambao wengi huacha, na mdomo umeshaanza kuonyesha alama.

Kinachoharibu meno ni nguvu na muda. Kidole kilicholala tu mdomoni si sawa na kidole kinachovutwa kwa saa nyingi. Msikilize anapokitoa: kikitoka na mlio kama wa kizibo cha chupa, na ukiona mashavu yakibonyea ndani wakati ananyonya, huyo anavuta kwa nguvu. Kidole kinasukuma meno ya juu yaje mbele na kuzuia ya mbele yasikutane, na mashavu yanavyobana, taya la juu linaweza kuwa jembamba. Ile sugu uliyoitaja inanifanya nidhani anavuta.

Sasa habari njema. Hayo yote bado yako kwenye meno ya utoto. Meno ya kudumu ya mbele huanza kuota kwenye miaka 6 hivi. Akiacha kabla ya hapo, mara nyingi ule uwazi hupungua au kujifunga wenyewe, kwa kuwa midomo na ulimi vinayarudisha meno taratibu. Chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Marekani kinashauri tabia hii iishe kufikia miaka 3, lakini usilichukue hilo kama hukumu kwamba umechelewa. Una zaidi ya mwaka mbele yako. Anza sasa, bila vita.

Baba Soksi

Mimi wangu nilimvalisha soksi mkononi usiku, nikaifunga kwa plasta kwenye kiwiko. Wiki mbili akaacha. Naona watu tunazunguka sana. Soksi, basi.

Nilinyonya Mpaka 11

Kaka, nakuheshimu, lakini labda wako alikuwa tayari. Mimi nilivalishwa soksi, nikafungwa bendeji, nikapakwa shubiri, nikachapwa. Nilinyonya mpaka nina miaka 11. Bendeji nilijifunza kuifungua kwa meno gizani. Shuleni nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni ili ninyonye dakika mbili nirudi. Sikuwahi kukubali kulala kwa rafiki hata mara moja.

Aliyenisaidia ni shangazi yangu. Siku moja alinikuta, nikaficha mkono, hakunikemea. Aliniuliza, "Kikiwa mdomoni unajisikiaje?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilimjibu kwamba najisikia kama mlango umefungwa na hakuna atakayeingia. Alikaa kimya kidogo, akasema basi tutafute njia nyingine ya kuufunga mlango. Kuanzia siku hiyo alikuwa anakaa kitandani kwangu kabla sijalala, hasemi habari ya kidole kabisa, tunaongea ya siku nzima. Baada ya muda ni mimi niliyemwambia nataka kuacha. Ilichukua miezi, na nilirudi nyuma mara nyingi.

Dada, hilo neno "kitoto kichanga" mwombe bibi alikome. Mengine yote yanaweza kungoja, hilo lisingoje. Mimi ni mtu mzima na bado nayasikia maneno niliyoitwa.

Mwalimu wa Awali

Nafundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita. Nikuombe kitu kimoja: wiki ya kwanza usimwachishe chochote. Andika tu. Kila ukiona kidole mdomoni andika saa, alikuwa wapi, na nini kilitokea kabla. Usimwonyeshe kwamba unaandika. Mwisho wa wiki utashangaa jinsi nyakati zenyewe zilivyo chache. Kwa wengi huwa ni uchovu, mikono mitupu, na huzuni, na kila moja ina dawa yake.

Mikono mitupu ndiyo rahisi. Usiseme "toa kidole". Mpe kazi inayotaka mikono miwili: kubeba bakuli, kufinyanga, kukushikia kitabu wakati unasoma. Kidole kinatoka chenyewe na hakuna aliyeaibika.

Huzuni ndiyo ningeitazama kwa makini kwenye nyumba yako. Kidole kimezidi tangu mdogo wake azaliwe. Ukikuta kwenye daftari lako kwamba kinaingia kila unapomnyonyesha mdogo, jibu limekuja lenyewe: anakuona umemkumbatia mwingine, na yeye anajikumbatia kwa njia anayoijua. Mpe robo saa kwa siku ambayo ni yake, mdogo akiwa kwa baba. Iwe na jina, muiite "saa yetu". Isifutwe hata siku aliyokosea, hasa siku hiyo.

Halafu ndipo mwingie kwenye kuacha, mkiwa wawili upande mmoja. Kuna mbinu ambayo wanasaikolojia Azrin na Nunn waliieleza mwaka 1973 kwa tabia za namna hii: badala ya kumkataza mtu, unampa kitendo ambacho hakiwezi kufanyika pamoja na kile cha zamani. Kwa kidole, mfundishe kukilaza ndani ya ngumi na kukifunika kwa vidole vingine, ahesabu taratibu mpaka 20. Darasani tunasema "kidole kinalala nyumbani". Mfanye zoezi hilo akiwa na furaha, si akiwa analia. Mkubaliane na ishara ya siri, mfano wewe kugusa sikio lako, ili umkumbushe mbele za watu bila neno.

Chagueni wakati mmoja tu wa kuanzia, mfano wakati wa katuni. Akifaulu hapo, nyota moja kwenye karatasi ukutani. Asipofaulu, hakuna nyota na hakuna maneno, na nyota aliyokwisha kuipata hainyang'anywi. Siku nzima bila kidole ni ndefu mno kwa mtoto wa miaka minne, ukimwekea hilo atashindwa kabla ya saa sita mchana.

Mama wa Wawili

Nimesoma yote mara mbili, na ya huyo wa miaka 11 nimeshindwa kumaliza bila kulia. Mlio upo, nimesikiliza. Na daftari sijalimaliza lakini tayari naona mstari unaojirudia: "namnyonyesha mdogo".

Jana nilimwomba msamaha. Akanisikiliza, akaniuliza, "Na kidole umekiomba?" Nikakishika, nikakiomba, nikakibusu.

Naomba mnisaidie matatu. Usiku tufanyeje? Zile dawa chungu za kupaka kwenye kucha ni sawa na pilipili? Na foronya, niiondoe nayo?

Kiti cha Meno

Si sawa na pilipili. Nyingi zina denatoniamu, kitu kinachohesabiwa kuwa kichungu kuliko vyote vinavyojulikana, ndiyo maana huwekwa pia kwenye sabuni na vimiminika vya nyumbani ili watoto wasinywe. Haichomi kama pilipili, ingawa usiipake kwenye ngozi iliyopasuka kama ya binti yako mpaka ipone. Lakini namna ya kuitumia ndiyo hoja. Mtoto anayetaka kuacha na anasahau, ile ladha inamkumbusha. Mtoto asiyetaka, anaona ni adhabu nyingine. Ningeiweka akiba.

Kuna pia kifaa cha waya kinachofungwa kwenye meno ya nyuma na kukaa nyuma ya meno ya juu ya mbele, kinaondoa ile raha ya kunyonya. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliona vifaa vya namna hiyo vinasaidia, na yaliona pia kumtia moyo na kumtuza mtoto kunasaidia, ingawa utafiti wenyewe bado ni mdogo. Kwa umri wake mimi ningeanza na hilo la pili.

Na hili mpelekee bibi yake, huenda likalainisha maneno. Watoto waliozaliwa Dunedin, Nyuzilandi, mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa mpaka utu uzima. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kwamba waliokuwa wakinyonya kidole au kung'ata kucha utotoni, walipopimwa ngozi wakiwa na miaka 13, ni wachache zaidi kati yao ambao kipimo kilionyesha mzio. Si sababu ya kuendelea kunyonya, na watafiti wenyewe hawakusema tuhimize. Ila mtoto huyu hana uchafu wala ujinga wa kuonewa aibu.

Mwalimu wa Awali

Foronya usiiguse! Mwaka 1953 Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika juu ya vile vitambaa na midoli ambayo mtoto mdogo hawezi kulala bila navyo. Aliviona kama daraja: si mama mwenyewe, lakini vinabeba kitu cha mama, na mtoto anavivukia kwenda kwenye kujitegemea. Unamwomba aache faraja moja, usimnyang'anye mbili usiku mmoja.

Ningefanya hivi. Kata kitambaa kutoka foronya ya zamani, usiifue kwanza, funga fundo kila pembe. Mkono wa kushoto unajua kazi yake tayari. Mpe na wa kulia fundo lake, afikiche kwa kidole kile kile. Mchana afanye mazoezi, akiwa macho.

Baba Soksi

Nimewaza tangu juzi. Kuna kitu sikukisema, na sikukiona muhimu. Soksi aliichagua mwanangu mwenyewe. Tulitoa droo nzima, akachagua yenye mistari, akaipa jina, na kila jioni ndiye aliyeniletea nimvalishe. Dada, ukijaribu soksi, iwe hivyo. Na plasta ile ya kwenye kiwiko nisingeirudia, ilimwachia alama, ningebana mno damu isingepita vizuri.

Mama Pacha

Usiku utakuwa wa mwisho kuondoka, usikate tamaa. Mchana mtoto ana akili ya kukusaidia, akilala hana. Wangu alimaliza mchana kwa wiki tatu, usiku ukachukua miezi mitatu. Nikikikuta mdomoni usingizini nilikitoa polepole na kumwekea kitambaa, asubuhi sikusema neno.

Mama wa Wawili

Wapendwa, ni wiki ya saba leo.

Katuni ilikuwa ngumu siku nne, kisha ikawa rahisi. Gari likafuata. "Saa yetu" imefutwa mara mbili kwa sababu zisizoepukika, na mara zote mbili kidole kilirudi kesho yake, nimejionea kwa macho. Ninapomnyonyesha mdogo sasa anakaa ubavuni kwangu, mkono wake wa kulia uko mgongoni mwangu, anafikicha nguo yangu. Ngozi imepona. Bibi yake nilizungumza naye kwa heshima, faragha, akanyamaza, na siku iliyofuata alimshonea mafundo mengine mawili kwenye kitambaa.

Soksi alichagua ya njano. Usiku mwingine anaiomba, usiku mwingine anaivua. Wiki iliyopita mdogo wake aliugua, hatukulala, na dada mtu alinyonya usiku tatu mfululizo. Sikusema kitu.

Jana usiku nilipita mlangoni kwake nikasikia, "Mama." Nikaingia. Akautoa mkono nje, akanionyesha kidole kilicholowa. "Leo kimeingia kidogo," akasema. Nikamwambia asante kwa kuniambia, nikampa fundo lake, nikamfunika. Shuka lilimfika kifuani, akaliacha hapo hapo.