Naomba ushauri: paka wangu dume halali usiku, analia na kurarua watu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Langoni, Lamu. Nina paka dume, mkubwa tayari, hajahasiwa. Nyumba zetu hapa zimebanana, paka wa mtaani wanapita juu ya kuta usiku kucha. Akiwaona dirishani, mkia unamvimba, masikio yanalala nyuma, anatoa mlio mrefu wa kooni hadi majirani wanaamka. Ukimgusa wakati huo anakurukia wewe! Juzi kamparura mama mkononi. Mama tumemuosha jeraha kwa maji na sabuni, na paka chanjo ya kichaa cha mbwa keshapata, lakini mama ana sukari na vidonda vyake haviponi upesi. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Pia anakojolea milango. Najua kuhasi hupunguza kelele, mikojo na ugomvi kwa madume wengi, ila nyumbani wapo wanaosema ni kumdhulumu. Kumtupa sitaki kabisa, nampenda.

Aliyehasi paka mkubwa hivi, alitulia baada ya muda gani? Na kwa sasa nizibe dirisha, au alale chumba cha ndani? Nisaidieni tafadhali.