Mteja wa methadoni anasema "bora nilale nisiamke". Nianzie wapi?

RikaTemeke
Habari zenu wakuu. Nafanya uelimishaji rika kwenye maskani za waraibu wa heroini. Kuna kijana alikuwa kwenye methadoni (dawa ya kliniki inayochukua nafasi ya heroini), akakaa mahabusu wiki kadhaa, sasa ametoka na anasema "bora nilale nisiamke". Kabla ya kukamatwa alishazidisha akazimika, wenzake wakasema bahati mbaya. Mwenzangu ananionya nisimuulize habari ya kujiua, eti nitampa wazo. Nifanyeje?

MuuguziAkili
Muulize leo hii, na neno lenyewe ulitaje. Swali halipandi wazo kichwani mwa mtu. Kwa wengi ni nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Ila usiseme "huna mawazo mabaya, sivyo?" Hapo umeshamwekea jibu mdomoni. Mpeleke faragha, mbali na kijiwe: "Umefikiria kujiua? Leo je? Umepanga utakavyofanya? Hicho unachopanga kutumia unacho?" Mwenye mpango, njia na nia ya siku hizi haachwi peke yake, hata kwenda kununua vocha. Anasindikizwa hadi hospitali na kukabidhiwa kwa mtu. Ukimpa barua ya rufaa aende mwenyewe, barua itaishia mfukoni.

Ile siku aliyozimika, irudie: "Ulikosea kipimo, ulitaka kufa, au hukujali litakalotokea?" Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Akisema "sikujali", msiandike ajali.

Na asiambiwe arudi akiwa hajatumia. Akija amelewa au ana arosto (maumivu ya kukosa dawa), mlindeni, arosto itibiwe, kisha muulizeni tena akitulia. Akikana asubuhi alichokisema usiku, jibu la usiku bado lina uzito.

DawaPwani
Naongezea upande wa dawa, maana hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya.

Kwanza, mwili wake umeshasahau. Mtu akikosa methadoni siku 3 au zaidi hapewi tena dozi yake ya zamani kabla ya kupimwa upya, na akikaa wiki nyingi anaanza chini kabisa, kwa kawaida si zaidi ya mg 30 siku ya kwanza. Heroini nayo ni hivyohivyo: kipimo alichokizoea kabla ya mahabusu sasa kinaweza kumuua, atake asitake. Mwambieni hilo waziwazi, na asitumie peke yake.

Pili, naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, iwepo maskani na nyumbani. Ya sindano ni mg 0.4 kwenye msuli, mkimpulizia pumzi. Dakika 2 hadi 3 zikipita bila kupumua vizuri, rudieni. Inaisha nguvu mapema kuliko methadoni, kwa hiyo akiamka bado anapelekwa hospitali. Ataamka na arosto kali, ana hasira, anataka kuondoka. Kama alitaka kufa, hiyo ni saa ya kukaa naye, siyo ya kugombana.

Tatu, angalieni dawa za TB. Mojawapo, rifampisini, hushusha methadoni mwilini: mtu anakunywa dozi ileile lakini arosto inarudi, halali, anakata tamaa, na watu wanasema "karudia unga". Daktari aongeze dozi. Akihitaji dawa ya sonona, wengi hukimbilia amitriptilini kwa kuwa ipo kila mahali. Ni hatari ikizidishwa, na pamoja na methadoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Aulizwe daktari kuhusu fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, na achukue vidonge vya siku 7, visivyozidi.

RikaTemeke
Nashukuru sana. Na ule mpango wa usalama, yaani wa nini afanye mawazo ya kujiua yakija, tunauandikaje na mtu ambaye simu ameshaiuza?

MuuguziAkili
Karatasi moja ikunjwe ndani ya kadi ya kliniki, kwa maneno yake mwenyewe: dalili kwamba hali inaanza ("sili, nakaa gizani"), anachoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kumtoa mawazoni pasipo na unga, wa kumwomba msaada, wahudumu, na namna ya kuondoa hatari nyumbani. Namba ziandikwe palepale, pamoja na jina la jirani mwenye simu. Asiyesoma, mchoreeni. Dozi za nyumbani na dawa za wadudu azitunze ndugu anayemwamini yeye, siyo mnayemwamini ninyi.

MsaidiziKisauni
Kuna jambo la sheria, ndilo linalofanya watu waseme "nilizidisha tu". Kwenu Tanzania jaribio la kujiua ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kwetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 9, 2025 kwamba kifungu cha 226 ni kinyume cha katiba, lakini hofu haijaisha. Basi mweleze kabla ya kuuliza: nani atayasikia majibu yake, na lini utalazimika kumwita mtu mwingine. Usimwahidi siri ambayo hutaitunza. Huku tuna 1199 ya Msalaba Mwekundu, bure.

Na weka miadi ya kesho, siyo ya wiki ijayo. Asipotokea saa 4, mfuate.