Kusomea kairopraktiki: Durban, Bournemouth au Davenport? Naomba ulinganisho kabla sijalipa ada

Fizio_Tanga
Wakuu habari za leo. Mi ni fizio mwenye diploma, niko hospitali ya wilaya huku Tanga mwaka wa sita sasa. Nusu ya wagonjwa wangu ni mgongo, vijana wa bodaboda, akina mama wa kubeba ndoo, wavuvi, watu wa kukaa ofisini kutwa. Nawakanda, nawapa mazoezi, wengi wanapata nafuu, ila kuna kundi ambalo naona kabisa mikono yangu imefika mwisho. Ndo maana nimeamua nikasomee kairopraktiki, ile tiba ya kusukuma na kunyoosha pingili za mgongo kwa mikono, digrii kamili sio kozi ya wikiendi. Hela nimeanza kukusanya na shangazi kasema atanishika mkono kidogo.

Sasa kinachonichanganya, nimepitia maelezo ya vyuo vya Afrika Kusini, Uingereza na Marekani naona kama vinafundisha kazi tatu tofauti zenye jina moja. Kuna kinachoongelea maumivu ya mgongo na shingo basi. Kuna kinachosema pingili ikikaa vibaya mwili mzima unakosa mawasiliano, yani kama vile ukiunyoosha uti umemnyoosha mtu mzima. Nikimaliza ntarudi kuhudumia watu walewale, sasa nisomee wapi? Naomba mnilinganishie kwa ukweli, hasa aliyepita huko.

Mpita_Durban
Karibu sana kaka. Mi nilipita Durban University of Technology. Chuo kingine huko ni University of Johannesburg na muundo unafanana, miaka 4 ya digrii ya kwanza, halafu 2 ya uzamili ambayo lazima ufanye utafiti wako mwenyewe uandike mpaka mwisho. Jumla 6, na bila huo uzamili husajiliwi kufanya kazi. Wengi wanaokwama wanakwama kwenye utafiti sio kwenye mikono, hilo ulijue mapema.

Anatomia unasoma kwa kupasua maiti. Miaka ya mwisho unakaa kliniki ya chuo unaona wagonjwa halisi, mtu kaja na mgongo wake, unamuuliza, unampima, unatoka nje unamweleza msimamizi umeona nini na unataka kufanya nini, ye ndo anakuruhusu urudi ndani umguse au la. Mwanzoni inakera, unasimama kwenye korido na faili mkononi mgonjwa anasubiri. Baadae nikaja kuona kwamba hiyo korido ndo iliyonifundisha kuliko darasa lolote. Mbinu kubwa ni ile ya mchanganyiko inayoitwa Diversified, pamoja na kazi ya misuli na mazoezi. Kuhusu pingili kuleta magonjwa ya ndani sisi tulifundishwa kama historia.

Mzee_wa_Kigamboni
Wanangu ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana huo mkanganyiko anaouona kijana sio wa jana. Kazi hii ilianzia Davenport, Iowa, Marekani, Septemba 1895. D.D. Palmer, aliyekuwa anatibu watu kwa sumaku, alimsukuma pingili mtu anaitwa Harvey Lillard, mfagizi wa jengo alilokuwa na ofisi, ambaye masikio yake yalikuwa mazito miaka mingi, na Palmer akatangaza kwamba jamaa amesikia. Angalieni hapo, mgonjwa wa kwanza wa kairopraktiki hakuja na mgongo, alikuja na masikio! Kwa hiyo tangu siku ya kwanza swali lilikuwa ni hilohilo, je uti unatibu mgongo au unatibu kila kitu?

Chuo akakifungua 1897, mtoto wake B.J. akakikuza sana. Ila 1906 mwalimu mmoja John Howard akajitenga akaanzisha chuo chake palepale Davenport, miaka miwili baadae akakihamishia Chicago, ye alitaka wanafunzi wasome sayansi za hospitali zaidi na watumie tiba nyingine pamoja na mikono. Basi wakagawanyika, wanyoofu wakabaki na uti peke yake na falsafa yake, wachanganyaji wakaweka na mazoezi na lishe na vinginevyo. Hadi leo chuo unachokiona kinatokana na mmoja kati ya hao wawili hata kama hakijitambulishi hivo.

Fizio_Tanga
Shikamoo mzee wangu, hapo umenifungua macho. Kumbe nalinganisha koo, sio nchi.

Mzee_wa_Kigamboni
Marahaba mwanangu. Ni koo haswa. Na madaktari wa Marekani waliwatenga wote kwa pamoja bila kuangalia ukoo, chama chao kilikataza daktari kushirikiana nao, mpaka mkairopraktiki Wilk na wenzake wakaenda mahakamani 1976 na hukumu ikatoka 1987 kwamba chama cha madaktari kilivunja sheria ya ushindani. Hukumu haikusema kairopraktiki inatibu, ilisema tu huwezi kumzuia mwenzio riziki kwa kususa. Watu wanachanganya hayo mawili kila siku.

Pingili_Kwanza
Naomba na mimi nisikike maana naona wanyoofu hatuna mtetezi humu. Niko Georgia, Marekani, nimesoma upande huo. Vyuo vya mrengo huu vinavyojulikana ni Sherman kule South Carolina cha 1973 na Life huku Marietta cha 1974, na chenyewe Palmer cha Davenport ambacho siku hizi kina utafiti mwingi sana tofauti na watu wanavyodhani. Palmer ni trimesta 10, ukienda mfululizo unamaliza kwa miaka 3 na miezi kadhaa, ila lazima uingie na masomo ya chuo kikuu ya kutosha, halafu kuna mitihani ya bodi ya taifa sehemu nne, halafu leseni ni ya kila jimbo na sheria zake.

Sisi hatusemi tunatibu kisukari. Tunasema mwili una akili yake ya kujiponya na kazi yetu ni kuondoa kizuizi kwenye uti, basi, magonjwa tunamwachia daktari. Na kwa sababu tuna kazi moja tu, mikono yetu inafanyishwa mazoezi sana. Mwalimu wangu alikuwa anaweka unywele mmoja chini ya karatasi, unaufuata kwa ncha ya kidole umefumba macho, ukiupata anaongeza karatasi, ya pili, ya tatu, unaendelea hivyo kwa wiki. Yule mkairopraktiki wetu Clarence Gonstead wa kijiji cha Mount Horeb, Wisconsin, watu walikuwa wanasafiri mbali kumfuata, sababu ni mikono na umakini, hakuwa na maneno mengi. Fizio unaposema mikono yako imefika mwisho, mi nakuelewa, na dawa yake ni mikono zaidi sio makaratasi ya utafiti zaidi.

Mpita_Durban
Ndugu yangu nakuheshimu, na unywele hata sisi tulifanya, ule ni wa koo zote. Tofauti yetu sio mikono. Tofauti ni unamwambia nini mgonjwa baada ya mikono. Ukimwambia mtu asiye na maumivu kwamba uti wake una kizuizi ambacho mashine na mtaalamu mwingine hawakioni, atakuja kila wiki maisha yake yote na hana namna ya kujua kama amepona.

Dada_Dorset
Mimi ni nesi Uingereza, mume wangu ni mkairopraktiki aliyesoma Bournemouth, chuo cha tangu 1965, zamani AECC siku hizi Health Sciences University. Uzamili wa miaka 4. Kingine kipo Wales na kuna chuo cha McTimoney ambao mguso wao ni wa haraka na mwepesi. Huku jina lenyewe linalindwa na sheria ya 1994, ukijiita mkairopraktiki bila usajili wa baraza la wakairopraktiki ni kosa.

Baraza hilohilo mwaka 2010 lilitamka kwamba ile nadharia ya pingili kukaa vibaya ni dhana ya kihistoria, na hakuna ushahidi wa kitabibu wa kudai kwamba ndo chanzo cha magonjwa. Sio madaktari waliosema ni baraza lao wenyewe. Na mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya huku inayotoa miongozo ya tiba, kuhusu maumivu ya mgongo unaruhusu tiba ya mikono ila ikiambatana na mazoezi, sio yenyewe peke yake. Mume wangu anafanya hivohivo, dakika chache kitandani halafu mgonjwa anasimama anajifunza kuinama na kunyanyua. Ukitaka nchi iliyoenda mbali zaidi angalia Odense, Denmark, wanasoma pamoja na wanafunzi wa udaktari, na Zurich tangu 2008 iko ndani ya kitivo cha tiba, ila lugha ndo itakutesa.

Ada ya huku kwa mtu wa nje ni kubwa mno dogo, nakwambia kama dada yako.

Tabibu_Mkoani
Mimi daktari, na sina ugomvi na fani ya mtu. Ila naomba tuongelee kwa nini hizo saa za korido za Mpita_Durban ni uhai wa mtu. Mwaka juzi nilimpokea baba wa miaka 38, mgongo miezi minne, anatoka jasho usiku, kapungua. Alishanyooshwa mara tatu na mtu mwenye cheti cha kozi fupi. Ilikuwa TB ya uti. Pingili mbili zimeliwa, miguu imeanza kufa ganzi. Namshukuru Mungu alipona na anatembea kwa fimbo, lakini angeweza asitembee kabisa. Kwetu huku TB ipo, mifupa ya wazee imelainika, saratani ya tezi dume inakimbilia uti. Chuo chochote atakachoenda Fizio aulize kitu kimoja, mnanifundisha lini NISIMGUSE mgonjwa?

Na shingo. Kuna ule mpasuko wa mshipa wa damu wa shingoni unaoleta kiharusi. Utafiti wa Ontario, Kanada, wa 2008 uliona uhusiano kati ya kiharusi hicho na kumwona mkairopraktiki kabla, ila vilevile kwa waliomwona daktari wa kawaida uhusiano ulikuwa unafanana, yani inawezekana wengi walikwenda kwa sababu shingo ilishaanza kuuma mshipa ukiwa umeshapasuka. Bado haimwondolei mtu wajibu wa kuitambua hiyo shingo kabla hajaizungusha.

Swali langu jingine kwako Fizio, kwa nini usimalizie digrii ya fizio Moshi? Mbinu za Maitland, fizio wa Australia, zina daraja la tano ambalo ni msukumo uleule wa haraka wa kairopraktiki na mlio wake. Miaka michache, upo nyumbani, familia ipo.

Mama_Zuhura
Mie mgonjwa tu, Nairobi. Nimepita kwa wawili. Wa kwanza alinipiga eksirei siku hiyohiyo akanionyesha mgongo wangu umepinda akataka nilipie miadi 36 kwa mkupuo. Niliogopa sana nililia kwenye matatu. Wa pili alinigonga nyundo magotini, akanichoma na kipini miguuni kuona kama nasikia, akanirekebisha mara tano kwa wiki tatu na akanipa mazoezi, ya tano akaniambia mama usirudi mpaka uumwe tena. Ni mwaka wa pili huu. Sijui alisoma ukoo gani ila mwanangu usome alikosoma huyo.

Pingili_Kwanza
Pole sana mama. Hiyo ya kulipisha 36 mbele hata mimi siiungi mkono, na nakiri kwamba eksirei kwa kila mtu ni mazoea ya baadhi ya mbinu zetu ambayo yanatakiwa yaangaliwe upya. Kwenye falsafa sijabadilika. Ila Fizio, kwa mazingira uliyoyaeleza na hiyo TB ya daktari, nenda Durban.

Fizio_Tanga
Nawashukuru wote kutoka moyoni, nimesoma mara tatu. Dokta, ya Moshi nimeiwaza usiku mzima. Nisichokipata huko ni zile saa za kurudia jambo moja mpaka mkono uelewe. Mwongozo wa WHO wa 2005 unataka saa 4,200 na kati ya hizo 1,000 za kliniki chini ya msimamizi, na kwa aliyekwisha kuwa mhudumu wa afya unataja njia ya saa zisizopungua 2,200. Hata hiyo fupi haifanani na kozi ya wikiendi nne niliyotumiwa tangazo lake WhatsApp.

Marekani nimeifuta, viza na ada na pia sitaki kurudi nyumbani na maneno ambayo siwezi kumthibitishia mvuvi wa Kigombe. Imebaki Durban na Johannesburg. Mpita_Durban, masomo ya diploma wanayatambua kiasi gani? Na mi nina mtoto wa miaka miwili, hiyo miaka 6 wewe na familia uliwezaje?

Mpita_Durban
Kuhusu diploma usitegemee sana, waandikie na matokeo yako yote yaliyothibitishwa, wanaangalia somo kwa somo, ila andaa akili kuanza mwaka wa kwanza. Familia, mi mke wangu alikuja mwaka wa tatu, ile miwili ya mwanzo ilikuwa migumu sikudanganyi. Njoo inbox nikupe bajeti halisi ya chumba na chakula. Na anatomia anza sasa hivi, usisubiri barua.

Fizio_Tanga
Nakuja inbox kaka. Nimechukua unywele wa mke wangu tangu juzi. Karatasi nne naupata, ya tano bado unanipotea.