Wiki ya kwanza kufundisha watoto nyumbani kwa vitendo, wenye uzoefu naombeni msaada

MamaWawili_Tanga

Habarini wapendwa. Naomba niweke hapa wiki yangu nzima mniambie nirekebishe wapi. Tulihamia Tanga mwezi wa nane kumfuata baba watoto kikazi, shule ya karibu wakaniambia darasa la awali limejaa nisubiri Januari. Mkubwa ana miaka sita, Januari anaingia la kwanza, mdogo ana minne. Nikaona miezi yote hiyo mtoto ashinde kwenye katuni haiwezekani, ntafundisha mwenyewe.

Jumatatu nikaenda steshenari nikaprinti karatasi 40, zile za kuunganisha vidoti na kupaka rangi, elfu nne ikaondoka. Mpaka saa nne asubuhi mkubwa kafanya tatu kachoka, mdogo kachana mbili analia, na mimi nimeshapandisha sauti. Iliniuma sana. Nikaacha nikaenda jikoni kuchambua maharage ya mchana, mara mkubwa huyo kaja kakaa bila kuitwa, akaanza kutoa mabovu na vijiwe anaweka pembeni, halafu akawa anayahesabu. Akakosea kwenye 19, akayarudisha yote akaanza upya mwenyewe, sijamwambia kitu, mpaka 23. Yani kile nilichokuwa nakilazimisha kwenye karatasi kinatoka chenyewe kwenye ungo! Karatasi nikazifungia kabatini.

Hapohapo tukachukua maharage sita tukayaweka kwenye glasi na pamba mbichi, pembeni kabisa ili yaonekane. Jumatano jioni nasikia kelele "mama, moja limetoa mkia!" Nikamwambia huo ni mzizi. Akaangaliaaa, akaniuliza limejuaje chini ni wapi na limelala ubavu. Sikuwa na jibu jamani, nikamwambia tuligeuze tuone. Tukaligeuza kale kamzizi kakaangalia juu. Jumamosi asubuhi kamepinda, kanarudi chini. Mtoto alikaa na ile glasi mkononi hata chai hakunywa.

Jumanne na Jumatano tulikanda maandazi, kupima unga kwa kikombe, nusu kikombe, basi. Alhamisi nikawapeleka Raskazone maji yakiwa yanajaa, tukachomeka kijiti pale maji yanapoishia, tukala mihogo yetu, kurudi kijiti kiko ndani na maji yamempita mdogo magotini. Mkubwa akapima kwa hatua zake toka kijiti mpaka nchi kavu, 14. Anataka kurudi kila siku.

Sasa shida zangu. Ijumaa nilimwagia mchanga kwenye sinia aandike kwa kidole. Herufi anaziandika vizuri ila kusoma hawezi, alikuwa nasari ya kiingereza kule Dodoma, nikimwandikia ba anasema "bii, ei" halafu ananyamaza ananiangalia. Pili, huyu mdogo anaharibu kila kitu, nifanyeje nao wote kwa wakati mmoja? Na tatu majirani wanasema hao watoto wanacheza tu hawasomi, na kusema kweli usiku nikilala najiuliza kama wana haki.

Mwl_wa_Awali

Mama hongera, na nakwambia kutoka moyoni, nimefundisha awali na la kwanza miaka 11. Hiyo "bii, ei" naipata kila Januari. Mtoto anajua majina ya herufi, hajui sauti. Kiswahili chetu kinasomeka kama kinavyoandikwa, ndo bahati yetu, kwa hiyo achana kabisa na majina kwa sasa. Anza na a e i o u mpaka azitamke akiwa anaruka kamba. Halafu chukua sauti moja tu, mfano m, midomo ifungwe, mmmm, iunganishe na a, mmmaaa, ma. Siku hiyo ni ma me mi mo mu tu. Kesho yake anasoma "mama" na "mimi", atashtuka mwenyewe kuwa amesoma neno. Kisha b, k, t, l. Zile za ch, sh, dh acha mwishoni, na ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma usizipeleke siku moja utamchanganya.

Andika silabi kwenye vizibo vya soda na maka peni, kizibo kimoja silabi moja, apange mwenyewe. Ka na la, "kala". La na la, "lala". Ta na ka, "taka". Watoto wangu walikuwa wanagombania vizibo.

Kuhusu hayo maharage, usiyadharau hata kidogo. Kutoa kijiwe kwa vidole viwili, kukanda unga, kufunga vifungo vya shati, hiyo ndio mikono inayokuja kushika penseli. Nimepokea watoto wenye madaftari yaliyojaa mwandiko wa dada wa kazi lakini penseli inawaanguka. Na usivuke dakika 15 hadi 20 kwa kitu kimoja, wa miaka minne hata kumi zinamtosha. Mdogo mpe kazi ya kweli, sio ya kumtuliza, yeye ndio mwenye maji, anamwagilia, anagawa vikombe, anahesabu watu wanaokula. Anaharibu kwa sababu hana kazi.

BabaZu_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mie wangu nimewafunza nyumbani likizo zote mbili, mamake yuko kazini mchana kutwa na mie nafanya shifti za usiku. Tafuta bao dada yangu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za manane manane, na kete 64. Anza na bao la kujifunza, kila shimo kete mbili. Wangu wa kike alipomaliza kupanga nikamuuliza zi ngapi, akahesabu mojamoja akapotea, akarudi akapotea tena, mara ya tatu kaanza mbili, nne, sita, nane kwa kidole, hakuna aliyemfunza. Nlitoka nje kidogo nikafuta macho, sifichi. Kama hamna bao chimbeni mashimo mchangani, nanyi mko karibu na pwani.

Jambo jingine ni saa. Wangu aliniuliza mbona mshale mfupi uko kwenye 8 na sisi twasema saa mbili. Tukakata boksi la viatu tukafanya saa, nikamwonyesha namba ya upande wa pili, ukitazama 8 ng'ambo yake ni 2, ukitazama 10 ng'ambo yake ni 4, yote namna hiyo. Halafu tukatoka alfajiri kuliangalia jua likichomoza, kwetu pwani halibadiliki sana, ni saa kumi na mbili ile au karibu yake, nikamwambia hesabu zetu zaanzia hapa, likishatoka saa moja imepita ni saa moja. Akafahamu. Sasa yuasoma zote mbili, ya Kiswahili na ya Kizungu.

Na huko ufukweni endeleeni. Nendeni siku nne tano mfululizo saa ileile, mtaona maji hayako palepale, kila siku yachelewa kama dakika 50 hivi. Wakiuliza kwa nini waonyesheni mwezi.

nuru_k

Nampenda huyu mtoto wa maharage! Ila mamaangu naomba uangalie sana huyo wa miaka minne. Wangu alisukuma harage puani tukiwa tunahesabu, sikujua, kesho yake analia analala kwa kukaa. Harage likipata unyevu linavimba, mimi nikajaribu kulitoa na kibanio cha nywele nikalisukuma ndani zaidi, jamani msifanye hivyo, ukigundua nenda moja kwa moja hospitali, daktari alilitoa kwa kifaa chake dakika mbili tu. Na mbegu za mbarika msichezee, wala zile nyekundu zenye jicho jeusi wanazookota porini, zina sumu kali. Kwa mdogo tumia vizibo au makombe makubwa yasiyoingia puani.

Kipanga_wa_Moro

Mimi naomba nitofautiane kidogo kwa heshima. Mambo mnayofanya ni mazuri, nimejifunza na nitayafanya na wangu. Lakini mtoto wa miaka sita anahitaji wenzie, kugombana, kusubiri zamu, kushindwa mbele za watu. Januari ikifika mpeleke dada, elimu ya msingi ni lazima kisheria na shule za serikali hazina ada. Kwa sasa hao majirani wanaosema, waambie walete watoto wao saa kumi jioni wacheze mdako hapo kwako. Chimbeni kashimo, mawe madogo kumi na mbili au zaidi, unarusha gololi juu unatoa mawe, unairudisha unabakiza moja. Hapo kuna kujumlisha, kutoa, na jicho na mkono kwenda pamoja.

MamaWawili_Tanga

Jamani asanteni, nimesoma usiku huu mara mbili. @Kipanga Januari anaenda kaka, hilo halina mjadala. @nuru_k pole sana, maharage yote nimeyapandisha juu ya kabati, mdogo atatumia vizibo.

Mwalimu leo nimejaribu. Tumeshinda na m tu, mmmaaa, mmmeee, anacheka kwamba ni mbuzi. Jioni nimempa vizibo viwili vya ma, kavitazama, kavigusanisha, akasema polepole "ma... ma", halafu kaniangalia akasema "mama, hii ni wewe". Nimempigia baba yake kazini saa hiyohiyo.

Mdogo nimemkabidhi kikopo cha maji ya yale maharage, anakilinda, hataki hata kaka yake akiguse. Shida sasa anamwagilia mara kumi kwa siku na pamba inaanza kunuka, nibadilishe pamba au niyahamishie kwenye udongo? Mizizi imeshashikana na pamba naogopa kuikata. @BabaZu kuna mzee mtaa wa pili ana bao, kesho naenda kumuomba.

Mwl_wa_Awali

Hamishia udongoni, usibandue pamba, zika na pamba yake hivyohivyo, inchi moja tu isizame sana. Na mdogo mpe kizibo kimoja cha maji asubuhi, kimoja jioni, avihesabu yeye.