Naogopa kukosea. Nitajuaje kama ni Mungu anayeniita?

Swali

Wapendwa, nisaidieni. Nina miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye uhasibu. Nimepata nafasi ya kusomea ukunga kwa miaka mitatu, jambo ninalolitamani tangu usiku nilipomshika mkono dada yangu akijifungua mtoto wake wa kwanza. Fomu inatakiwa irudi Ijumaa. Imebaki sahihi yangu tu.

Nimefunga siku tatu, nimeomba mpaka maneno yameniishia. Ile barua naikunja na kuikunjua kila usiku, hata imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Juzi nilifumba macho, nikafungua Biblia na kuweka kidole. Kikaangukia orodha ya koo kwenye kitabu cha Hesabu. Nililia sana.

Kinachonitesa zaidi ni hiki: miaka mitano iliyopita nilikubali kuchumbiwa, nikawaambia watu wote kwamba nina amani moyoni, kwamba ni Mungu. Uchumba ulivunjika. Mpaka leo sijui ile amani ilitoka wapi, na sasa hata nikipata utulivu kidogo naushuku. Nikiacha mshahara na kumbe hakunituma? Nikikataa na kumbe alikuwa ananiita?

Jibu la kwanza

Pole dada. Mungu hakutupa roho ya woga. Ukiona hofu, ujue bado si wakati. Usisaini, ngoja mpaka woga uishe.

Jibu la pili

Ndugu yangu hapo juu, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Katika Yoshua sura ya 1, Mungu anamwambia Yoshua mara tatu awe hodari. Asiyeogopa haambiwi hivyo. Na hakuambiwa asubiri woga uishe ndipo avuke Yordani.

Dada, mimi niliacha ualimu nikafungua karakana ya useremala. Niliomba kama wewe, wazee wakaniombea, milango ikafunguka. Baada ya miezi 14 nikafunga. Nakumbuka jioni ya mwisho nikiwa peke yangu, nimeibeba meza ya kazi mgongoni, mguu wake mmoja ukikwaruza ukuta wa korido. Kila hatua nilisikia moyoni: ulikosea, ulikosea. Karibu mwaka mzima niliona aibu hata kuomba. Nilidhani Mungu amebaki kwenye ile njia nyingine, ya darasani, na mimi nimempita.

Kilichonisaidia ni Matendo 16. Paulo anataka kuingia Asia, Roho anamkataza. Anajaribu Bithinia, anazuiwa tena. Ona kwamba alizuiwa akiwa anatembea, na hakuna palipoandikwa kwamba alikemewa kwa kujaribu. Kisha anapata maono ya mtu wa Makedonia, mwito ulio wazi kabisa, anakwenda, na kule Filipi anachapwa viboko na kufungwa miguu kwenye mkatale. Kama taabu ingekuwa ushahidi wa kukosea, basi Paulo alikosea.

Kwa hiyo huo uchumba usiuhukumu kwa kuvunjika kwake tu. Huenda ulikosea, huenda hukukosea. Lakini Mungu aliyekuwa nawe siku ya kuchumbiwa ndiye aliyekuwa nawe siku ulipovunjika, na hilo mimi nimeliona kwa macho yangu kwenye ile korido, ingawa nilichelewa kulitambua. Biblia haikunipa ahadi kwamba sitachagua vibaya. Ahadi niliyoikuta ni kwamba hataniacha.

Jibu la tatu

Mimi nitauliza ya chini kidogo. Una akiba? Kuna wanaokutegemea? Yesu mwenyewe, Luka 14, anasema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Wewe ni mhasibu dada, kuhesabu ni kipawa chako, na kukitumia si kukosa imani. Halafu usilibebe hili peke yako. Huyo dada yako anasemaje? Alikuwepo usiku ule.

Muuliza swali

Asanteni. Kaka wa karakana, nimelisoma jibu lako mara nne.

Jana nilikaa na daftari. Akiba inatosha miaka miwili, wa tatu hautoshi. Nilimpigia dada, naye akanikumbusha kitu nilichokisahau: usiku ule mkunga aliniomba nitoke nje nikapumzike, nikakataa, nikabaki mpaka mtoto akalia. Hakusema zaidi ya hapo. Tukaomba pamoja kwenye simu, na mara hii sikuomba ishara. Nilimwambia Mungu kwamba naogopa, na kwamba nikikosea, naomba anikute hukohuko.

Nimesaini leo asubuhi. Mkono ulitetemeka, sahihi hata haifanani na yangu. Fomu nimeipeleka mwenyewe.

Woga bado upo. Niombeeni kwa huo mwaka wa tatu.