Wafuasi wapo, wasikilizaji hawapo: msanii wa kujitegemea afanyeje?

Swali, kutoka kwa Mpiga Gitaa

Ndugu zangu, mimi ni mwimbaji na mpiga gitaa ninayejitegemea. Sina lebo wala meneja, na nyimbo zangu huzifikisha kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki kupitia msambazaji wa kidijitali ninayemlipa ada kila mwaka. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiweka video fupi mitandaoni karibu kila siku, na sasa nina wafuasi wapatao 12,000. Mwezi uliopita niliachia wimbo nilioushughulikia kwa miezi saba. Niliutangaza wiki nzima, nikabandika jalada lake kila mahali, na katika siku kumi za mwanzo ulisikilizwa mara 340. Wakati huohuo, video niliyojirekodi nikibadilisha uzi wa gitaa uliokatika imetazamwa zaidi ya mara 90,000.

Sielewi watu hawa wanataka nini kwangu. Aidha, kuna kampuni iliyoniandikia ikiniahidi usikilizaji 50,000 ndani ya mwezi mmoja endapo nitalipia huduma yao ya matangazo. Nimechoka, nakiri, na nilikaribia kukubali. Naomba ushauri wa waliotangulia.

Jibu la Fundi Sauti

Ndugu, nianze na hiyo kampuni, kwa kuwa ndilo jambo linaloweza kukuumiza upesi. Usilipe. Miaka kadhaa iliyopita niliingia mkataba na watu wa namna hiyo kwa niaba ya kikundi nilichokuwa nikikirekodi, na kwa wiki mbili tulifurahi kuona tarakimu zikipanda. Nilipofungua takwimu kwa utulivu ndipo nilipoona kwamba karibu usikilizaji wote ulitoka katika mji mmoja ambao hatukuwa na mfuasi hata mmoja, na kwamba kila “msikilizaji” aliuacha wimbo mara tu baada ya kuvuka sekunde 30, ambazo ndizo jukwaa la kusikilizia muziki la Spotify huzihesabu kuwa usikilizaji kamili. Hapakuwa na aliyeuhifadhi wimbo wala aliyerudi kuusikiliza mara ya pili. Msambazaji wetu aliuondoa, na kuurudisha kulituchukua miezi.

Hali ya sasa ni ngumu zaidi ya ilivyokuwa wakati huo. Tangu mwaka 2024 Spotify huwatoza faini wasambazaji na lebo kwa nyimbo zinazobainika kuwa na usikilizaji mwingi wa bandia, na msambazaji anaweza kukushushia mzigo huo wewe mwenye wimbo. Mwaka huohuo waliweka pia sharti kwamba wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia hauingizwi katika mgawo wa mirabaha ya kurekodi, yaani fedha anazolipwa mwenye rekodi wimbo wake unaposikilizwa. Natambua kwamba sharti hilo ndilo linalowasukuma wengi kununua tarakimu, maana mtu mwenye 340 huiona 1,000 kama mlima. Hata hivyo madhara makubwa hayamo kwenye faini. Mfumo wa mapendekezo hujifunza kutokana na wale wanaokusikiliza. Ukiulisha mashine, utawatafutia wimbo wako watu wanaofanana na mashine hizo, na masikio uliyokuwa ukiyatafuta hautayafikia.

Jibu la Mratibu wa Wasanii

Nakubaliana kabisa na Fundi Sauti, na ningependa kuongeza jambo ambalo naona wasanii wapya hawaelezwi mapema.

Wafuasi 12,000 ulionao si wako. Ni watu waliojiandikisha kwenye jukwaa la mtu mwingine, na mwenye jukwaa ndiye anayeamua kila asubuhi ni wangapi kati yao wataonyeshwa ulichoweka. Wengine tuliona mapema jinsi jambo hili linavyoweza kuishia. Katikati ya miaka ya 2000 mtandao wa kijamii wa MySpace ndio uliokuwa uwanja wa msanii asiye na lebo. Kila bendi ilikuwa na ukurasa wake pale. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikiri kwamba katika kuhamisha mitambo yake ilipoteza muziki uliopakiwa kwa zaidi ya miaka kumi, kazi zinazokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50. Wapo ambao nakala pekee ya rekodi zao za kwanza ilikuwa humo. Vine nayo, programu ya video fupi, ilifungwa Januari 2017, na waliokuwa na mamilioni ya wafuasi wakalazimika kuwatafuta upya kwingineko.

Watu hupenda kuwataja Arctic Monkeys wa Uingereza kama mfano wa bendi iliyoinuliwa na MySpace, lakini ukifuatilia habari yao utakuta kwamba kabla ya hapo walikuwa wakigawa bure diski za nyimbo zao kwenye maonyesho, na mashabiki wenyewe ndio waliozisambaza kwenye intaneti. Uhusiano ulitangulia, mtandao ukaukuza. Mpangilio huo una maana kubwa, na ndio ninaouona umegeuzwa juu chini siku hizi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tafuta njia ya kuwa na majina na anwani za barua pepe za wanaokupenda, kwa ridhaa yao, mahali unapoweza kuzihifadhi mwenyewe. Usiwaambie tu “jiandikisheni”, bali wape kitu ambacho hakipatikani kwingine, kwa mfano rekodi ya kwanza ya wimbo kabla haujapambwa studioni, au mashairi kwa mwandiko wako pamoja na mistari uliyoifuta. Ukiuza muziki kupitia Bandcamp, tovuti ambako msanii huwauzia mashabiki moja kwa moja, utaona kwamba msanii hupewa barua pepe ya mnunuzi, na kwa maoni yangu hilo lina thamani kubwa kuliko fedha ya mauzo yenyewe. Nimesimamia msanii mwenye watu 400 tu kwenye orodha yake, na akiandika barua hupata majibu mengi kuliko anayopata kutoka kwa wafuasi wake 30,000.

Jibu la Mwimbaji wa Kwaya

Naheshimu waliotangulia, ila naomba nitofautiane kidogo na Mratibu. Orodha ya barua pepe ni jambo jema, lakini huwezi kumwomba mtu anwani yake wakati hajajua sauti yako. Tatizo la ndugu yetu naliona mapema zaidi ya hapo. Nimejiuliza: katika video ile ya uzi wa gitaa, watu 90,000 walisikia nini? Waliona mikono yako ikifanya kazi unayoijua, wakakaa kutazama. Kisha ukawatangazia wimbo kwa kuwaonyesha jalada, picha iliyotulia, pamoja na maneno ya kuwasihi wabofye kiungo. Hakuna anayevutwa na tangazo la namna hiyo, hata mama yako mzazi atalipita.

Usiidharau video ya uzi. Chukua sekunde 15 za wimbo zenye uzito wote, uzipige ukiwa umeketi vilevile, na uambatishe sauti rasmi ya wimbo kwenye video hiyo ili anayeipenda aufikie wimbo kamili kwa mguso mmoja na wengine waweze kuitumia kwenye video zao. Rudia kipande hichohicho mara nyingi kwa sura tofauti. Sisi waimbaji hudhani tunawachosha watu, kumbe wengi wao wanakisikia kwa mara ya kwanza. Na jibu maoni. Jibu kila moja mwanzoni, kwa sentensi kamili, kama mtu aliyesimama mlangoni akipokea wageni.

Mambo mengine ni ya kiutaratibu. Wimbo ujao uwasilishe kwa wahariri wa Spotify kupitia akaunti yako ya msanii angalau siku saba kabla ya kutoka, hakikisha majina ya watunzi wote yameandikwa sawasawa, na ujisajili kwenye chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi, kwa sababu msambazaji hukuletea fedha ya rekodi tu na haki ya utunzi hulipwa kwa njia nyingine.

Mpiga Gitaa anajibu

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Barua ya kampuni ile nimeifuta.

Baada ya kusoma maneno ya Mwimbaji wa Kwaya niliirudia video ya uzi na kuisikiliza bila kuitazama, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Baada ya kufunga uzi mpya niliujaribu kwa kupiga kipande kifupi, kama sekunde tisa hivi, na kipande hicho ni mwanzo wa wimbo huuhuu niliouachia. Sikukumbuka kabisa. Nilisoma maoni yote hadi usiku wa manane, nikakuta watu 23 wameuliza kile nilichokipiga mwishoni kinaitwaje, na mmoja wao ameuliza mara tatu kwa nyakati tofauti. Sikuwa nimemjibu hata mmoja.

Nimewaandikia wote, kila mtu kwa jina lake. Mpaka sasa 14 wamenijibu, na nilipowaeleza kwamba ninayo rekodi ya wimbo huo niliyoifanya kwa simu jikoni kabla ya kwenda studioni, tisa walinipa barua pepe zao wenyewe ili niwatumie. Yule aliyeuliza mara tatu ameniomba pia kodi za gitaa (“chords”) za wimbo huo, kwani anataka kujifunza kuupiga.

Nimeandika majina hayo tisa kwenye daftari. Kesho jioni nitaketi palepale, kwenye kiti kilekile, nipige kipande kile tangu mwanzo, na safari hii nitaimba.